Vifungo vya Kike

Yaarub ameleta kalamu ya wino wa dhahabu.
Anataka jina chini ya picha kabla ya Idi,
wageni wakija Ibra wasiulize tena.
"Andika wewe, mwandiko wako mzuri,"
akaenda kununua mbuzi.

Askari ananitazama kutoka kwenye kadi ya kahawia.
Keya. Kofia pana imekunjwa ubavu mmoja,
kaptula ngumu kwa wanga,
nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na maua
ambavyo Bama haikuwahi kuviona.
Mgongoni mwa kadi, mhuri: ...BHAI NA WANAWE, MOMBASA.
Mchwa wamekula nusu, pamoja na mwaka.

Hapa nyumbani hakuna mjadala.
Ni Babu Muhenna. Tazama unyusi wa kushoto,
kovu lile lile alilolipata utotoni
alipoporomoka mkarafuuni kule Wete.
Shangazi Raya ameliapia kovu hilo miaka hamsini,
tangu picha ilipovushwa ndani ya kopo la biskuti
chini ya hati za shamba ambalo si letu tena.

Lakini mimi ni fundi cherehani.
Jumatano nauza soko la wanawake, usiku nashona.
Macho yangu hayaanzi usoni.
Huanzia kwenye kola, hushuka na vifungo,
na vifungo vya keya huyu
vimefungwa kama vya gauni langu:
ubavu wa kulia juu ya wa kushoto.

Nani jeshini alimvalisha mwanamume shati la kike?
Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa.
Kofia nayo imekunjwa upande usio wake.
Hapo nikajua: aliyeisafisha picha katika kiza cha studio
aliigeuza filamu, kulia kukawa kushoto,
asijali. Foleni ya askari ilikuwa ndefu
na meli haimsubiri mtu.

Basi kovu ni la kulia.
Basi si Babu.

Nilikaa. Kiyoyozi kinakoroma.
Likanijia jambo la Bibi Zamzam,
alivyokuwa akifunga mlango adhuhuri,
Babu yuko shambani anagombania zamu ya maji ya falaji,
akaishika picha hii mbele ya kioo cha kabati.
Haitazami picha. Anatazama kioo.
Nilikuwa na miaka saba, chini ya kitanda, namtafuta paka.
Niliwahadithia wenzangu, tukasema uzee umeanza.
"Bibi anamwonyesha Babu Babu!"
Tulicheka mpaka tukapigwa.

Leo nimeingia chumbani mwake. Kabati lipo,
kioo kimeota ukurutu pembeni.
Nikainua kadi.
Vifungo vikarudi kiume. Kofia ikakaa.
Kovu likahama, na uso mzima ukahama nalo,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake akageuka.
Simjui. Hana pua yetu.
Anakaribia kucheka, na si kwa ajili ya mpigapicha.

Shangazi Raya kasimama mlangoni na sinia ya kahawa.
Sijui yupo hapo tangu lini.
Hakuuliza nafanya nini. Alisema tu:
"Mama alikuwa akivuta pazia kwanza."
Akaweka sinia kitandani, akavuta pazia.

Yaarub amerudi, mbuzi analia uani.
"Umeandika?"
Nimeandika, kwa herufi ndogo, kwa dhahabu yake:
Askari wa Keya.
"Na jina?"
Nikaitikisa kalamu mbele ya macho yake,
nikamwambia imekauka.